Hujanyimwa Kipande, Umeambiwa Uje Kesho

(Maneno haya yalisemwa barazani Chara, Tana Delta. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, tumepunguza tu yale yaliyorudiwa.)



Wazee wetu, mama zetu, vijana mlioketi huko nyuma kwenye kivuli, na wewe uliye mbali utakayeyasoma haya kwenye simu. Nimeombwa niseme kidogo kuhusu kipande. Nasema kipande kwa sababu ndivyo tunavyokiita, ingawa kwa serikali ni kitambulisho cha taifa. Jina hilo lina historia yake, nitalirudia.

Kwanza hebu nikuulize. Tuseme una miaka 23, umezaliwa hapa hapa Chara, na huna kipande. Kesho ukiamka, utajuaje kwamba huna? Hutajua. Ng'ombe hawaulizi kipande. Mpunga hauulizi. Mwenye mtumbwi anakujua wewe ni mtoto wa nani, anakuvusha. Msikitini unaswali, dukani unakopeshwa sukari. Ndiyo maana wengi wetu tunafika miaka 25, wengine 30, bila kuhisi kwamba kuna kitu kimepungua. Maisha ya huku deltani hayadai karatasi, mpaka siku moja yanapoidai, na siku hiyo huwa mbaya.

Siku hiyo mjomba wako wa Mombasa anataka kukutumia elfu tatu umpeleke mtoto hospitali. Atatuma wapi? Laini huwezi kusajili bila kipande. Laini unayotumia imesajiliwa kwa jina la shemeji. Kwa hivyo pesa ya dawa ya mwanao inaingia kwa jina la mtu mwingine. Akiwa mwema, alhamdulillahi. Akiwa na deni lake mwenyewe linamkaba, mtazozana. Na kama laini imefungwa au imepotea, wewe huwezi kwenda kuidai, kwa sababu mbele ya kampuni ya simu wewe hukuwahi kuwa na laini.

Hospitali nayo sasa inakuuliza kama umesajiliwa SHA, na usajili unataka namba ya kitambulisho. Mtoto anaingizwa chini ya mzazi. Mzazi asiye na namba, mtoto ataingizwa chini ya nani?

Au siku hiyo unataka kwenda Lamu kutafuta kibarua. Mnaijua barabara ya Garsen kwenda Lamu. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni Juni 2014, basi linasimamishwa, mnashuka wote, mnapanga laini, kipande mkononi. Asiye nacho anatolewa pembeni. Pengine ataachiliwa baada ya maswali, pengine atalala kituoni, pengine atatoa kitu kidogo. Basi halimngojei. Ninawajua vijana waliofanyiwa hivyo mara moja tu wakaapa hawatoki tena. Hawa hawakufungwa na mahakama yoyote, lakini dunia yao imekuwa ni kutoka hapa hadi mtoni na kurudi. Mnyama wao wanamuuzia dalali anayekuja boma kwa boma, kwa bei ya dalali, kwa sababu kufika sokoni mbali wanaogopa.

Nasikia huko Marekani na Ulaya kuna watu wanaochagua kuishi hivi. Wananunua kipande cha ardhi msituni, wanaweka sola, wanajitenga na serikali na karatasi zake. Ni haki yao. Lakini mtu kama huyo alizaliwa hospitali, cheti chake kipo kwenye sanduku, na siku akichoka na msitu anakitoa anarudi mjini. Wewe wa Chara hujajitenga na mtu. Ulikuwa upo, na kalamu ilikupita. Benki ya Dunia iliwahi kukadiria kwamba watu takriban milioni 850 duniani hawakuwa na utambulisho rasmi. Sidhani walio wengi miongoni mwao walichagua.

Sasa hilo jina. Mwaka 1915 serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya kumsajili Mwafrika, na baada ya Vita vya Kwanza, kwenye 1919 na 1920, ikaanza kuitekeleza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alipewa karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole na majina ya waajiri wake. Karatasi ile iliwekwa ndani ya kikopo cha chuma, kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Ndicho kipande hicho. Harry Thuku na wenzake walikilalamikia miaka ya mwanzo ya 1920. Kilikuwa cha kukuzuia usitoroke kazi ya Mzungu. Mwaka 1947 sheria ikabadilishwa ili jamii zote zisajiliwe, na wanawake waliingizwa baadaye sana, mwishoni mwa miaka ya 1970.

Hebu tuliza moyo hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1970. Maana yake nyanya yako, hata kama alizaliwa hapa na mama yake akazaliwa hapa, kwa sehemu kubwa ya maisha yake sheria yenyewe haikumtambua kama mtu wa kupewa kipande. Halafu leo mjukuu anakwenda ofisini anaulizwa, “Kipande cha nyanya yako kiko wapi?” Wallahi swali hilo lingefaa kuulizwa serikali, si mtoto.

Babu zetu walinyanyaswa kwa kubebeshwa kipande. Sisi tunanyanyaswa kwa kukosa. Jina limebaki lile lile.

Tuje kwa namna mtu anavyoanguka nje ya daftari, kwa sababu mara nyingi hakuna adui mmoja wa kumnyooshea kidole. Mama anajifungua nyumbani, mvua imenyesha, njia imekatika. Mkunga anafanya kazi yake vizuri, mtoto analia, anaadhiniwa sikioni, jina linatolewa siku ya saba. Kila kitu cha dini kimefanywa. Lililobaki ni kumpelekea habari naibu wa chifu aandike kwamba mtoto kazaliwa, na sheria imetoa miezi sita. Ikipita, usajili unakuwa wa kuchelewa, na wa kuchelewa unadai ushahidi zaidi na safari zaidi. Baba anasema, “Tutakwenda baada ya mavuno.” Anakuja kushtuka mtoto yuko darasa la juu, mwalimu anataka cheti cha kuzaliwa ili amsajili kwa mtihani.

Hapo mimi silaumu serikali peke yake. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani imezungumzia kuandikiana deni. Tukikopeshana mbuzi tunaweka mashahidi. Mtoto tunamwacha hivi hivi.

Na kifo pia. Sisi tunazika siku hiyo hiyo, na ni vizuri. Lakini tukishazika, matanga yakaisha, nani anakwenda kuandikisha kifo? Miaka kumi baadaye kijana anaomba kipande, anaambiwa alete kipande cha baba. Baba amefariki. Basi alete cheti cha kifo. Hakipo. Kwa hivyo kwa karatasi baba hakufa, na kwa kuwa kipande chake kilipotea, hakuwepo pia. Kijana amesimama dirishani, ni mtoto wa mtu ambaye hakuishi wala hakufa.

Kipande cha baba kilipoteaje? Hapa kwetu mnajua. Tana ikifurika haichagui. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, ya 2018, ya mwishoni mwa 2023 hadi 2024: kila mara watu wanakimbia na watoto, mbuzi na magodoro. Karatasi zinabaki juu ya paa au chini ya tope. Kabla ya hapo kulikuwa na mapigano ya 2012 hadi mwanzoni mwa 2013. Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao. Sitaki kufungua kidonda kile, waliokufa Mola awarehemu, Wapokomo kwa Waorma. Nataka tu mkumbuke kwamba nyumba zilizochomwa zilikuwa na masanduku ndani yake, na masanduku yalikuwa na vyeti. Mtu aliyenusurika na nguo ya mwilini hakubeba bahasha.

Jambo lingine dogo, lakini limewakwamisha watu wengi kuliko mafuriko: herufi. Mohamed, Mohammed, Muhammad. Halima na Khalima. Kwenye kliniki nesi ameandika alivyosikia, shuleni mwalimu ameandika anavyoandika yeye, kwenye kipande cha baba karani wa zamani ameandika alivyotaka. Wewe ni mtu mmoja, karatasi zinasema ni watatu. Tarehe nazo hivyo hivyo. Angalieni vipande vya wazee waliokaa hapa mbele, muone wangapi wamezaliwa tarehe mosi Januari. Huo si muujiza. Ni karani aliyechoka kuuliza.

Sasa nifike kwenye lile lililonileta.

Nimeongea na vijana na akina mama wasio na vipande. Nikiwauliza, “Ulinyimwa?” wananiambia, “La, sikunyimwa. Niliambiwa nirudi.” Rudi na barua ya chifu. Rudi na kipande cha mama. Rudi siku ya kamati ya kupigwa msasa. Rudi, mtandao uko chini. Rudi Jumatatu. Mtu anapanda mtumbwi, anapanda bodaboda, analala kwa jamaa Garsen, anafika dirishani, anaambiwa arudi. Mara ya tatu nauli imekwisha, anaketi nyumbani. Ukiuliza ofisini ni watu wangapi wa Chara waliokataliwa kipande, utaambiwa hakuna hata mmoja. Na watakuwa wanasema kweli! Hakuna aliyekataliwa. Hakuna karatasi hata moja inayosema hapana.

Hapo ndipo tunapopotelea. Mtu aliyeambiwa hapana kwa maandishi ana kitu cha kupeleka mbele. Aliyeambiwa njoo kesho hana kitu.

Kwa hivyo shika mambo haya, na kama una kalamu andika. Kifungu cha 12 cha Katiba ya 2010 kinasema raia ana haki ya kupata pasipoti na hati yoyote ya utambulisho ambayo serikali huwapa raia. Kifungu cha 14 kinasema wewe ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku uliyozaliwa baba au mama yako ni raia. Mmoja anatosha, na mama anatosha, hata kama kuna mtu anakutazama kana kwamba mama si mzazi. Kifungu cha 53 kinampa mtoto jina na uraia tangu kuzaliwa. Na Kifungu cha 47, ambacho watu wengi hawakijui, kinasema ofisi ya serikali ikichukua hatua inayoumiza haki yako, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi. Bunge likatunga sheria ya kukifuata kifungu hicho mwaka 2015.

Ukienda dirishani ukaambiwa kuna kilichopungua, sema kwa adabu, “Sawa mkuu, naomba uniandikie kilichopungua, nikalete hicho hicho.” Usigombane. Usipige kelele. Yule karani naye ni mtoto wa watu, pengine ana foleni ya watu mia na mashine moja. Mwambie tu akuandikie. Akikataa kuandika, andika wewe: tarehe, ofisi, dirisha, umeambiwa nini, ulikuwa na nani. Ukiwa na barua ya maombi, iwe nakala mbili, moja wapigie muhuri urudi nayo. Ukifika mara ya tatu na daftari lenye tarehe mbili za nyuma, mazungumzo yanabadilika. Na yasipobadilika, kuna Tume ya Haki za Utawala, ambayo kazi yake ni kusikiliza malalamiko juu ya ofisi za umma, na kuna mahakama. Huko kote swali la kwanza ni moja: una maandishi?

Na ujue sheria inakubana pande zote mbili. Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, inakulazimisha ujisajili ukitimiza miaka 18. Si hiari. Yaani ni kosa kutojisajili, na unaposema nisajili unaambiwa rudi kesho. Hilo pia lisemwe kwa adabu pale dirishani.

Ada nayo iwe wazi, kwa sababu madalali wanakula hapo. Machi 2024 serikali iliweka shilingi 300 kwa kipande cha kwanza na 1,000 kwa kilichopotea. Mwaka 2025 ikaondoa ile 300 kwa mwombaji wa mara ya kwanza. Kwa hivyo kijana wa mara ya kwanza akiombwa elfu mbili “ya kusukuma faili,” hiyo si ada. Hiyo mnaijua ni nini.

Kuna atakayesema, “Lakini usalama.” Sawa. Sisi wa delta na wa njia ya Lamu tumezika watu wetu, hatuhitaji kuelezwa habari za usalama. Serikali ina haki ya kujua anayepewa kitambulisho ni nani. Lakini mwenye nia mbaya na pesa hununua kipande. Anayekwama kwenye msasa ni mchungaji asiye na pesa. Na mtu asiyeandikwa popote ndiye mgumu kumjua, kwa hivyo kama ni usalama tunautaka, tumwandike.

Na hili la kupigwa msasa halikuanza jana. Novemba 1989 serikali iliamuru Wasomali wa Kenya wote wahakikiwe, wakapewa kadi za rangi ya waridi juu ya kitambulisho. Wagaljeel, majirani zetu hapa hapa Tana River, walinyang'anywa vitambulisho katika zoezi lile. Watu waliokuwa na kipande asubuhi hawakuwa nacho jioni, na watoto wao wakazaliwa na watu wasio na namba. Kule Garissa kuna Wakenya ambao wakati wa ukame waliandikishwa kambini ili wapate chakula, na walipoomba kipande kompyuta ikasema ni wakimbizi. Wanubi wa Kibera wameulizwa hati za babu zao kwa vizazi, mpaka kesi ya watoto wao ikafika kwenye kamati ya Afrika ya haki za watoto, na mwaka 2011 kamati ikasema Kenya imekosea. Serikali ilipoleta Huduma Namba 2019, Wanubi hao hao na wenzao walikwenda mahakamani, na tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema mpango hauwezi kuendelea bila kanuni za kutosha, na ikakubali kwamba wapo watu wanaoweza kuachwa nje kwa kukosa hati za kuanzia. Februari 2025 Rais Ruto akiwa Wajir alitia saini tangazo la kuondoa msasa ule wa ziada kwa watu wa kaskazini na mipakani. Tangazo ni jambo moja, dirisha ni jambo lingine. Ukiambiwa kuna msasa, omba uandikiwe ni kwa sheria ipi.

Kuna na Wamakonde wa Kwale. Wazee wao waliletwa kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, vizazi vikapita bila uraia. Oktoba 2016 waliandamana kutoka Kwale mpaka Nairobi, wakafika Ikulu, na mwaka uliofuata wakapata vitambulisho. Wapemba wa Kilifi na Kwale wakatambuliwa Julai 2023. Wewe wa Chara huna haja ya kutambuliwa kama kabila. Mpokomo, Muorma, Mwardei, Msanye, nani anauliza kama ni Wakenya? Uraia unao. Kinachokosekana ni safari tatu za mtumbwi na mtu wa kuandika.

Neno kwa kina baba kabla sijakaa. Mke wako akiwa hana kipande, usiseme, “Mimi ninacho kinatosha.” Ukifa leo, kesho huyo mama atasimama mbele ya Kadhi kudai mirathi ya watoto wako bila kitu cha kuonyesha yeye ni nani. Na kama ndoa yenu haikuandikwa, basi hata wewe ni nani kwake haijulikani. Nimeona kaka wa marehemu akichukua ng'ombe wote kwa njia hiyo, na hakuiba, alikuwa tu ndiye mwenye karatasi.

Basi Jumamosi asubuhi tutakaa hapa hapa na daftari. Njoo na chochote: kijitabu cha kliniki, ripoti ya shule, kadi ya chanjo iliyoliwa na mchwa, nakala ya kipande cha mzazi au cha ndugu aliyefanikiwa. Usiseme hii haifai, ilete tuitazame. Kila mtu ataandikiwa kinachopungua na jina litafananishwa herufi kwa herufi kabla ya kwenda Garsen. Mkunga wetu naye aje, yeye ni shahidi wa watoto wengi hapa kuliko ofisi yoyote. Wazee mnaojua nani alizaliwa mwaka wa mafuriko gani, tunawahitaji kwa viapo. Karatasi zitiwe kwenye mfuko wa plastiki, mawingu mnayaona.

Safari tutakwenda pamoja siku moja, si mmoja mmoja. Wenye mitumbwi wanijulishe leo baada ya swala, nipate kujua tutavusha watu wangapi.